Barua kwa Rehema, aliyeko Hamburg

Mwanangu Rehema,

Assalamu alaykum. Sisi huku Mtoni hatujambo, isipokuwa bibi yako goti linamsumbua. Sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote, lakini mengine hayajibiki kwa sauti ya dakika moja huku daladala zinapiga honi nyuma yangu. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza hayo magari. Nilimsimulia mzee mmoja pale ofisini kwamba huko Altenwerder, bandarini Hamburg unakofanya field, kontena zikishushwa melini zinapelekwa yadi na magari yasiyo na dereva, na kwamba gati hilo linafanya kazi tangu 2002. Akaniambia niache kusikiliza stori za watoto. Mimi niliyezoea kufuatilia mizigo ya watu bandarini, ninayejua adha ya kreni moja kuharibika na meli kupanga foleni nje, najua ulichokiona si kidogo. Ila magari hata picha yake ungeiona ukiwa chuoni Mabibo.

Kilichonigusa mimi ni kingine. Ile miezi ulipokuwa unafanya field ya hao watu wa Hamburg kwa intaneti, umejifungia chumba cha uani kabla viza haijatoka, mwanzoni umeme ulikuwa ukikatika unakaa kimya ukingoja urudi. Kazi inachelewa, msimamizi wako akiuliza unamwandikia "samahani" tupu. Tumekulea kwamba mtoto hamwelezi mkubwa shida zake mpaka aulizwe, na sijutii, maana adabu hiyo imekufikisha mbali. Lakini mtu aliyeko Hamburg haoni kwamba mtaa mzima uko gizani. Anachoona ni kwamba kazi haijafika. Basi ukaanza kumwandikia mapema: umeme umekatika, nina bando la kutosha ripoti tu, mtaipata saa nane mchana ya kwenu. Hukuomba huruma, ulitoa taarifa. Na mwisho wa Oktoba, waliporudisha saa zao nyuma na tofauti yetu ikawa saa mbili badala ya moja, wewe ndiye uliyewakumbusha wenzako kwamba muda wa kikao umesogea. Nilikuwa jikoni, nikakusikia dirishani unavyosema bila kusitasita. Nikaacha vitunguu vikaungua.

Sasa uko huko huko, jua linazama karibu saa nne usiku, Isha unaiswali watu wamelala, na bado unauliza. Umeniambia wenzako walikuwa wanapiga picha kreni, wewe ukaliona lile kanisa la Mtakatifu Gertrud limesimama peke yake jirani na kontena, ukauliza watu wake wako wapi. Ukaambiwa Altenwerder kilikuwa kijiji, wenyeji wakahamishwa kupisha bandari, kanisa likabaki. Mwanangu, swali hilo halikutoka chuoni. Limetoka Kurasini, alikokuwa na nyumba mama yako mdogo Zuhura kabla ya kupisha upanuzi wa bandari akahamia Mbagala. Sikutegemea ungekwenda nalo mpaka mto Elbe.

Kinachonipa wasiwasi ni kurudi kwako. Hapa ziko ofisi ambazo ukimuuliza mkubwa "kwa nini" mbele ya watu, kwake umemvua nguo. Usiache kuuliza kwa sababu hiyo, ila chagua mahali. Mimi nikikuta uzito ulioandikwa kwenye hati haulingani na mzigo, simwambii afisa amekosea. Naenda mezani kwake na karatasi zote mbili, namwambia, "Bosi, nisaidie, hapa sijapaelewa." Anapiga hesabu, anaona mwenyewe, anarekebisha, na kesho ananisalimia. Wapo watakaokwambia huo ni woga. Mzigo wa mteja wangu umetoka, na mimi nilichokwenda kutafuta ni hicho.

Na tafadhali usiwe kama wale wanaorudi kila sentensi inaanza na "kule Ulaya". Dar na Hamburg ni miji dada tangu 2010, na dada mwenye adabu akija kukutembelea hakai sebuleni kukusimulia friji lake. Kama kuna utaratibu mzuri umeuona wa kupanga kontena au kutoa taarifa za meli, uandike ukurasa mmoja, taja na gharama, uje nao. Watu wa hapa si wajinga. Wengi wao wamechoka tu kusimuliwa mambo yasiyo na bei.

Logibuku ya field ijaze kila siku, usingoje wiki ya mwisho, maana chuo kinaitaka ikiwa na sahihi ya msimamizi wako. Hela ya jaketi nimemwachia mjomba wako atume.

Halafu hujanijibu: hao watu wa Altenwerder walilipwaje fidia? Nyumba kwa nyumba, au fedha mkononi? Zuhura ameniuliza mara mbili, nami sina la kumwambia. Muulize huyo mwenyeji wako, kisha niandikie, usinitumie sauti.

Mama yako.