Wiki ya mwisho kabla ya likizo ya baridi

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Watoto wetu wa darasa la pili wanafunga shule Ijumaa, ila msidhani wiki hii ni ya kucheza tu. Wanasoma theluji: kwa nini chembe zake huwa na ncha sita, na kwa nini huku Minneapolis jua la Desemba linazama kabla ya saa 11 jioni. Watakata theluji za karatasi. Zikifika nyumbani zimekunjamana mfukoni, bandikeni dirishani hivyo hivyo. Alhamisi vitabu vya maktaba virudi, hebu chungulieni chini ya vitanda. Ijumaa wanavaa pajama (ndiyo, mwalimu karuhusu!), lakini buti na koti zito lazima, mapumziko ni nje. Mwenye mikasi midogo ya ziada anijulishe leo.