Kabla ya kulaumu mvua, fungeni mabanio

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa mliyoichapa wiki iliyopita kuhusu kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu imenilazimisha kushika kalamu. Mwandishi wenu alieleza vizuri jinsi viboko walivyosongamana kwenye madimbwi ya tope ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha akahitimisha kwamba yote hayo ni kwa sababu ya ukame. Sisi tunaolima mpunga katika Bonde la Usangu tunajua kwamba ukame ni sehemu tu ya habari hiyo. Sehemu iliyobaki ni malango ya chuma ya mabanio (vizuizi vinavyochepusha maji ya mto kuingia kwenye mifereji ya mashamba), ambayo mtu mmoja anaweza kuyashusha kwa mkono wake.

Mto huu ulianza kukatika hifadhini wakati wa kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka, hata katika miaka iliyopata masika mazuri. Usangu ina msimu mmoja wa mvua. Mvua ikishakatika, bonde zima huishi kwa maji yanayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere kupitia mito kama Mbarali, Kimani na Chimala, na kinachobaki huingia katika ardhioevu ya Ihefu. Ihefu hutoa maji mahali pamoja tu, Ng'iriama, ambako kuna kizingiti cha mwamba. Maji yanayoingia yakizidiwa na yale yanayokauka kwa jua, kina hushuka chini ya kizingiti hicho, na mto wa hifadhini hukosa chanzo. Kwa hiyo maji machache yanayoachiwa kupita mwezi wa Septemba na Oktoba yana thamani kubwa kuliko mafuriko yote ya Machi.

Oktoba ya mwaka jana, wanawake wa kijiji chetu, kilicho upande wa chini wa mto, walikuwa wakichimba mashimo kwenye mchanga na kukinga maji kwa kikombe mpaka ndoo ijae. Nilipanda na majirani zangu kufuata mto hadi kwenye banio la skimu ya umwagiliaji iliyo juu yetu. Tulikuta lango la mfereji limeinuliwa hadi mwisho, na gurudumu la kulishushia limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Ubao wa kipimo uliokuwa upande wa mto ulisimama kwenye tope lililopasuka, na maji yaliyokuwa yakivuja chini ya mbao zinazozuia mto hayakufika hata kifundoni. Tukafuata mfereji. Maji yalikuwa yametapakaa katika majaruba yaliyovunwa tangu Juni, nyangenyange wakitembea katikati ya mabua, na hapakuwa na mche hata mmoja. Kijana aliyekuwa akilinda banio alitusalimu kwa adabu, "Shikamoo, baba," nami nikaitikia, kisha nikamwuliza maji yale yanamwagilia nini. Alijibu kwamba vitongoji vilivyo kando ya mfereji havina maji mengine ya kunywa, na kwamba, zaidi ya hayo, wao wana kibali cha kutumia maji na wamekilipia.

Ndugu Mhariri, majibu hayo mawili yanaeleza kukauka kwa Ruaha Mkuu kuliko ukurasa wenu mzima, na naomba wanaohusika wayasome kwa makini. Kwanza, ili familia chache zipate ndoo zao za maji, mfereji mzima unaachwa wazi usiku na mchana kwa miezi kadhaa, na sehemu kubwa ya maji hayo inanywewa na udongo na jua kabla ya kumfikia mtu yeyote. Pili, kibali kinaandikwa kwa kiasi maalumu cha lita kwa sekunde, kana kwamba mto una mshahara usiopungua, wakati sote tunaona kwamba kiangazi mto hauwezi kutoa hata jumla ya kile kilichoahidiwa kwenye karatasi. Aliyeko juu huchukua chake chote kwa sababu amelipa, na aliyeko chini, ambaye pengine naye amelipa, huambiwa amwombe Mungu mvua. Mabanio ya zamani ya miti, mawe na nyasi yalivuja, na kuvuja kwake ndiko kulikotufikishia maji sisi wa chini. Mabanio ya zege tuliyojengewa kwa jina la maendeleo yana uwezo wa kuumeza mto wote wakati wa kiangazi. Kisha ifikapo Oktoba, wachache hukimbilia kuandaa vitalu mapema ili wavune kabla ya wenzao na kuuza mpunga kwa bei nzuri, wakati uleule ambao mto uko chini kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba matumizi ya nyumbani yanatangulia, yanafuatwa na maji yanayobaki mtoni kwa ajili ya mazingira, ndipo yaje matumizi mengine. Majaruba matupu hayamo katika mpangilio huo.

Linaloniumiza pia ni namna lawama inavyogawiwa. Mfugaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondolewa Usangu, katika zoezi la mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 ardhioevu ya Usangu ikaunganishwa na hifadhi. Sikatai kwamba mifugo ilikuwa mingi. Lakini ng'ombe wameondoka, familia zimetawanyika, na mto umeendelea kukatika, kwa sababu ng'ombe hafungui lango la banio. Vivyo hivyo, kila umeme ukipungua tunanyoshewa kidole sisi, ilhali bwawa la Mtera, linalozalisha umeme kwa maji ya mto huu, hujazwa hasa na maji ya masika, ambayo hakuna mfereji wetu unaoweza kuyazuia yote.

Mwaka 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba kufikia mwaka 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Ahadi ile ilikuwa njema na bado inatekelezeka. Vitongoji vinavyotegemea mfereji kwa maji ya kunywa vichimbiwe visima, ili kisiwepo kisingizio cha kuuacha wazi. Vibali vya kiangazi viandikwe kwa mafungu ya maji yaliyopo badala ya lita zisizobadilika, mto ukipungua kila mtu apungukiwe. Mavuno yakiisha, kila lango lifungwe kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae kwa wakulima wa banio hilo na wa pili kwa kijiji cha mwisho upande wa chini, lisifunguliwe mpaka pande zote mbili zifike. Watafiti waliokuja Usangu miaka ya mwanzo ya 2000 walituletea mchezo wa gololi zilizosimama badala ya maji, zinazoteremka juu ya ubao wenye mto uliochorwa, kila mchezaji akizuia zake, na wale waliokaa mwisho wa ubao wakabaki mikono mitupu mbele ya wenzao. Watu wa juu na wa chini walizungumza vizuri kuliko katika mkutano wowote niliowahi kuhudhuria. Ubao huo urudishwe, kila Julai, kabla ya zamu za maji kupangwa.

Kwa upande wako, nakuomba kuanzia Julai hadi Novemba uchapishe kila wiki kipimo cha maji katika kila banio la Usangu, pamoja na kiasi kilichoandikwa kwenye kibali chake, ukurasa uleule mnaoweka bei ya mchele.

Mkulima wa mpunga,
Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya