Nyota ya Mira haizimiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nirekebishe jambo lililoandikwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa sayansi, kwamba nyota iitwayo Mira, iliyo katika kundinyota la Nyangumi, huzimika kisha ikawaka upya.

Mira haizimiki. Ni nyota kongwe, jitu jekundu (yaani nyota iliyovimba sana uzeeni) ambalo mwili wake hutanuka na kusinyaa kwa mzunguko wa siku 332 hivi. Inapopoa, molekuli za oksidi ya titani huongezeka katika tabaka zake za nje na kufyonza mwanga tunaouona, huku sehemu kubwa ya nishati yake ikiendelea kutoka kwa njia ya infraredi, ambayo macho ya binadamu hayaioni. Ndiyo maana mwangaza wake machoni petu hushuka mara mamia, ilhali nguvu ya nyota yenyewe haijapungua kwa kiasi hicho hata kidogo.

Kosa hili, hata hivyo, lina wazee wake. David Fabricius, mchungaji wa Ujerumani aliyeiona mwaka 1596, naye alidhani imetoweka moja kwa moja, mpaka ilipomtokea tena mwaka 1609. Ni Johannes Holwarda, mwanaastronomia wa Uholanzi, mwaka 1638, aliyetambua kwamba kupotea huko kuna kalenda yake.

Lililonikera zaidi ni ushauri kwamba tuitafute Desemba yoyote ile. Ni kweli kwamba katikati ya Desemba, saa tatu usiku, Mira huwa karibu utosini kwetu hapa Tanga, kusini-magharibi mwa Kilimia. Lakini siku 332 ni pungufu ya mwaka kwa siku 33, kwa hiyo kilele cha mwangaza wake hurudi nyuma takriban mwezi mmoja kila mwaka, na ipo miaka ambayo huangukia Aprili, jua likiwa upande huohuo wa anga. Mjukuu wangu aliitafuta uani hadi shingo ikamuuma, akaniuliza, “Babu, kwani gazeti nalo huongopa?” Nilimpa darubini yangu ya macho mawili, Menkar, nyota iliyo jirani na Mira, iling'aa bila taabu, na Mira ikawa nukta nyekundu iliyofifia, ambayo ilibidi nimwelekeze mara tatu.

Mkichapisha, pamoja na jina la nyota, tarehe inayotarajiwa ya kilele chake, watoto watajua ni usiku upi wa kutazama kwa macho matupu na upi wa kuazima darubini.

Mwalimu mstaafu,
Tanga