Waambieni mabinti sigara inavyowafanya usoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mabinti, na pia na wanaowapa elimu ya afya.

Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Magomeni, mwaka wa 14 sasa. Mwaka jana nililetewa bibi harusi wa miaka 26. Nilimsugua singo vizuri, nikampaka poda, lakini haikupita muda poda ikajikusanya juu ya mdomo, kwenye vistari vilivyosimama wima kama mshono wa ukili. Nikafuta, nikapaka upya. Vikatokea tena. Mama yake, mtu wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amekaa kwenye mkeka pale pale, na mdomo wake hauna mstari hata mmoja. Alipotoka kupokea simu, binti akaninong'oneza: "Dada, ni sigara. Tangu nikiwa chuo. Huna krimu ya kufuta hivi vitu?"

Sina. Wala anayemuuzia mkorogo hana, atamchubua tu. Moshi hubana vile vimishipa vidogo vya damu, ngozi ikakosa chakula chake, tena huharibu kolajeni, zile nyuzi zinazoishika ngozi isilegee. Na kule kukunja midomo kila pafu nako huacha alama. Daktari mmoja Mwingereza, Douglas Model, aliandika mwaka 1985 kwamba karibu nusu ya waliovuta miaka kumi au zaidi hujulikana kwa kuwatazama usoni tu. Hata hedhi ya wanawake wanaovuta huwahi kukoma.

Wengine hujiliwaza na shisha, kwamba ni maji na harufu ya matunda. Shirika la Afya Duniani linasema kikao cha saa moja mtu anaweza kuvuta moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi.

Ombi langu ni kwenu watu wa afya mnaokwenda vyuoni. Mnahubiri saratani ya mapafu, na ni kweli tupu, lakini kwa binti wa miaka 20 saratani ni ugonjwa wa wazee. Uso wake anautazama kila asubuhi. Anzieni hapo, nendeni na kioo.

Yule bibi harusi alikuja juzi kupakwa hina. Ana miezi saba hajagusa sigara. Mashavu yameanza kurudisha rangi, nikafurahi mpaka nikamkumbatia. Vistari vya juu ya mdomo bado vipo.

Mpambaji wa Maharusi,
Magomeni, Dar es Salaam