Bei ya mahindi haijazama

Mwanangu Rehema,

Hujambo? Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu. Rasimu ya habari yako nimeisoma yote. Imenipendeza, ila umeandika kwa Kiingereza kwamba bei ya mahindi "plummeted", yaani imeporomoka, kumbe imepungua shilingi 20 kwa kilo. Neno hilo ni zito mno kwa kazi uliyolipatia.

Asili yake ni madini ya risasi, Kilatini "plumbum". Ndiyo Pb uliyoikariri kwenye kemia. Kwa karne nyingi Waingereza walilitumia neno "plummet" kama jina la kile kipande cha risasi: cha mwashi, sisi twaita timazi, cha mshipi wa mvuvi, chubwi. Umewahi kuvua na babu yako, unajua risasi ikiachiwa inavyokwenda. Haiyumbi wala haisitisiti, mshipi unakimbia vidoleni hadi ulegee ghafla. Kuanguka kwa namna hiyo ndiko kitenzi hiki kinakotaka: kutoka juu, wima, kwa kasi.

Kwa hiyo mtu akijikwaa barazani, hapana. Jani likidondoka, hapana. Ndege iliyozimika injini angani, au kura za mwanasiasa baada ya kashfa, sawa kabisa. Kwenye bei, mfano mzuri ni mafuta ghafi ya Marekani. Ijumaa tarehe 17 Aprili 2020 mkataba wa kupokea mafuta mwezi Mei ulifunga dola 18.27 kwa pipa; Jumatatu tarehe 20 ukafunga dola 37.63 chini ya sifuri. Korona ilikuwa imesimamisha safari, matangi yanajaa, na mwenye mkataba yuko radhi amlipe mtu ayachukue mafuta hayo. Hiyo imeporomoka! Waandishi wa masoko wanalitupia neno hili hata shilingi ikitikisika kidogo, na msomaji sasa hashtuki tena.

Mambo mawili ya sarufi. Herufi t haijirudii, "plummeted", kwa sababu mkazo uko silabi ya kwanza. Tena katika maana hii halichukui yambwa, yaani kitu kinachotendwa: bei huanguka yenyewe, huwezi kuandika kwamba serikali "plummeted" bei.

Kwa mahindi yako, "fell", yaani imeshuka, inatosha. Ila hujaeleza kwa nini bei imeshuka ilhali mavuno bado. Wapigie wenye maghala kabla hujampelekea mhariri.

Baba yako