Wifi amenianika kwenye grupu la familia

Shangazi,

Kunakaribia kucha na sijapata hata lepe la usingizi. Niambie, mtu akiajiriwa kliniki, ruhusa ya kubeba jina langu hadi kwa mama yake anapewa na nani?

Ni wifi yangu. Nilimchangia karo, Shangazi, kwa pesa za sukuma wiki. Leo ni karani wa rekodi, na shukrani yake ndiyo hii: alipiga picha rejista ya kupanga uzazi akaitupa kwenye grupu la familia la WhatsApp. Mstari wa juu aliufunika kwa kidole gumba, kucha imepakwa rangi nyekundu, ili huyo mgonjwa mwingine asijulikane. Kumbe siri anaijua! Wangu akauacha wazi: jina, umri, namba ya simu, kijiti cha miaka 3. Baadaye akafuta, ati alikosea grupu. Mama mkwe alikuwa ameshaona, na hapa Kaptembwa sasa nasalimiwa kwa jicho la pembeni.

Sikuweka kijiti kwa ujanja. Kitinda mimba nilimzaa kwa upasuaji, presha iko juu, na daktari mwenyewe akasema mwili upumzike. Mume anataka wa nne, mama yake anataka wa kiume. Ningemwambia, lakini ni dereva wa lori: akitoka Malaba ni usingizi, akiamka ni safari. Ningemwambia saa ngapi?

Dada mmoja wa kanisani anayejua mambo ya sheria ananisukuma nishtaki. Anasema Katiba, kifungu cha 31, inanilinda, na Sheria ya Afya ya 2017 inataka habari za mgonjwa zibaki siri mpaka akubali mwenyewe, labda korti iamuru au kuwe na hatari kwa umma. Kijiti changu ni hatari kwa umma gani? Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: Kamishna wa Data ana ofisi hapa hapa Nakuru, malalamiko yanafaa kumalizwa kwa siku 90, na fidia ipo. Mimi sitaki pesa. Nataka afutwe kazi. Lakini akifutwa, karo ya mdogo wao itarudi kwangu, mimi niliyemsomesha yeye! Na hiyo fidia huwa kama ngapi?

Mume hajagombana. Akipiga simu njiani anaulizia watoto, basi. Juzi tu ndipo aliponiuliza, "Karani ajue, mimi nisijue?" Nikakata simu. Sasa Shangazi, hiyo sheria inamfunga karani peke yake, ama hata mume hana haki ya kuniuliza?

Anarudi Jumamosi. Mama mkwe anasema nikatoe kijiti kabla hajafika, na kule dirishani anayeandika majina ni yule yule.

Mama Watatu,
Nakuru