Barua kwa Mwanangu Kuhusu Tuni ya Gitaa na Akordi za Jazz

Sinza, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Nyumbani sote ni wazima, na mama yako anakusalimu. Umeniandikia kwamba akordi za jazz (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), zile zenye 9, 11 na 13 katika majina yao, zinakuchosha kwa sababu kila ukihamia nyuzi nyingine umbo la vidole linabadilika. Vidole vyako havina kosa. Katika tuni ya kawaida ya E A D G B E (noti za nyuzi, kuanzia ule mnene wa sita hadi ule mwembamba wa kwanza), kila uzi umepishana na jirani yake kwa nusu toni tano (nusu toni ni hatua ya freti moja, vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa), isipokuwa G na B zilizopishana kwa nne tu, na hapo ndipo maumbo yote yanapovurugika.

Jaribu tuni anayoitumia Stanley Jordan wa Marekani: E A D G C F. Unapandisha nyuzi mbili nyembamba nusu toni moja kila mmoja, basi, na sasa nyuzi zote zinapishana kwa tano. Kisha shika G13: uzi wa sita na wa nne kwenye freti ya tatu, wa tatu na wa pili kwenye freti ya nne, huku uzi wa tano ukiuziba kwa ncha ya kidole kilichoshika wa sita. Umbo hilohilo likianzia uzi wa tano linakupa C13, wakati katika tuni ya kawaida freti za G13, yaani 3-3-4-5, zingegeuka kuwa 3-3-5-5. Dm11 ndiyo inayonifurahisha zaidi: laza kidole cha shahada kwenye freti ya tano, uzi wa tano hadi wa pili, nawe umepata D, G, C na F kwa kidole kimoja!

Wenzako watakutajia pia tuni ya D A D G A D, aliyoieneza Davey Graham wa Uingereza miaka ya 1960. Ni tamu sana kwa nyuzi zilizoachwa wazi, lakini jazz huhamahama ufunguo (noti ya msingi ya wimbo), na utamu huo hubaki nyuma.

Tuni ya Jordan nayo ina gharama zake. Akordi za wazi ulizozizoea kwenye dansi, kama E na G, hazitashikika tena kwa urahisi, kwa hiyo gitaa unalopigia bendi liache kama lilivyo. Pia nyuzi hizo mbili zitakazwa kwa takriban asilimia 12 zaidi. Ukija Kariakoo ununue seti ya nyuzi nyembamba zaidi, au ushushe nyuzi nne nene nusu toni badala ya kupandisha zile mbili, ukikumbuka kwamba gitaa zima litakuwa chini kwa nusu toni, hivyo mpiga kinanda akiita G wewe utashika freti moja juu zaidi.

Anza na Dm11, ufuatishe G13, kisha Cmaj9: uzi wa tano freti ya tatu, wa nne ya pili, wa tatu ya nne, wa pili ya pili. Noti ya B, kwenye uzi wa tatu, imo katika akordi hizo mbili za mwisho mahali palepale, kwa hiyo kidole hicho usikiinue unapovuka.

Baba yako